Kupiga hodi Milima ya Flinders: mwongozo kamili wa safari ya siku nne Australia Kusini

Mtu aliyelelewa Moshi, kama mimi, akiambiwa kwamba kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Flinders hakifiki hata mita 1,200, huona anaalikwa kutazama vilima. Nairobi yenyewe imekaa juu kuliko hapo. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na dharau hiyo, na milima ikanifundisha adabu siku ya kwanza tu. Tangu hapo nimerudi mara tano, mara mbili nikiwa na wanangu, na haya ninayoandika ndiyo ningependa ndugu angeniambia mapema. Milima hii haimtesi mtu kwa urefu. Humtesa kwa ukavu, kwa umbali kati ya mji na mji, na kwa jua na baridi vinavyopokezana ndani ya siku moja. Ukijipanga kwa hayo matatu, utaona mambo ambayo sijayaona mahali pengine.

Safu hii iko jimbo la Australia Kusini. Inaanzia karibu na Port Pirie, kama kilomita 200 kaskazini mwa Adelaide, na kwenda zaidi ya kilomita 400 hadi inapofifia kwenye nyika ya maziwa ya chumvi. Jina Flinders ni la baharia Mwingereza, Matthew Flinders, aliyefika pwani ya chini yake mwaka 1802. Wenyewe wa milima ni Waadnyamathanha, na jina lao maana yake ni watu wa milimani. Mwaka 2009 mahakama ya Australia ilitambua haki yao ya asili juu ya ardhi hiyo, na leo wanaiongoza hifadhi ya Ikara-Flinders pamoja na serikali ya jimbo. Kwa hiyo unaingia kwa watu. Piga hodi.

Anza na kalenda

Kipupwe cha huko huangukia miezi ile ile ya kwetu, Juni hadi Agosti, na ndio wakati mzuri. Nenda kati ya mwisho wa Aprili na Septemba. Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40, baadhi ya njia za miguu hufungwa kwa hatari ya moto wa nyika, na mtembeaji anaweza kuishiwa maji kabla ya adhuhuri. Usijaribu. Kuanzia Oktoba nzi nao huongezeka. Hawaumi, ila wanatafuta unyevu wa macho na midomo, na chandarua cha kichwani cha bei ndogo huokoa siku nzima.

Jambo moja huwapita wengi tuliotoka karibu na ikweta, ambako jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Juni huko jua huchomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na moja na robo jioni. Una saa kumi za mwanga, basi. Panga matembezi yako kwa saa nane tu, hizo mbili ziwe akiba.

Baridi ya usiku ichukulie kwa uzito. Julai nimeamka nikakuta umande umeganda juu ya hema ukawa kama sukari, na chupa ya maji niliyoisahau mezani ina ganda la barafu mdomoni. Mchana ule ule tulitembea kwa fulana.

Sikukuu ya Pasaka na likizo za shule hujaza kila kambi. Ukizilenga siku hizo, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Karatasi na forodha

Ukitoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo au Oman utahitaji viza ya mgeni, daraja la 600, inayoombwa mtandaoni. Omba mapema na usinunue tiketi ya ndege kabla hujaipata. Leseni ya udereva iliyoandikwa kwa Kiingereza hutosha kwa mgeni. Ya Kifaransa au Kiarabu inahitaji tafsiri au kibali cha kimataifa. Australia wanaendesha kushoto, hivyo Mtanzania, Mkenya na Mganda yuko nyumbani, ila anayetoka Bukavu, Bujumbura, Kigali au Muscat ajipe siku moja ya mazoezi mjini kwanza.

Uwanja wa ndege wana ukali mkubwa juu ya chakula. Ukibeba dagaa, korosho, asali, viungo au mbegu yoyote, tangaza kwenye fomu. Ukitangaza, baya kabisa ni kunyang'anywa. Ukificha, faini ni nzito na viza inaweza kufutwa. Wala hakuna haja ya kubeba: Adelaide ina jamii kubwa ya Wakongo na Warundi, na maduka ya Kiafrika yanauza unga wa mahindi, maharage na mihogo. Nyama halali nayo inapatikana. Inunue mjini, igandishe, iweke kwenye boksi la barafu, maana huko mbele hutaipata.

Gari, na mkataba wa gari

Hakuna basi la umma linalofika Wilpena, kitovu cha hifadhi. Unajiunga na kundi la watalii kutoka Adelaide, au unaendesha mwenyewe. Lami inafika Wilpena na hata Blinman, kwa hiyo gari dogo linafika. Utamu wenyewe, yaani makorongo ya Brachina na Bunyeroo, uko kwenye barabara ya changarawe yenye mawe makali, mikunjo kama ya bati na vivuko vya mito mikavu. Kwa huko chukua gari lililoinuka.

Usome mkataba wote kabla ya kusaini. Safari yangu ya pili nilikodi kwa kampuni moja ya mjini bila kuusoma. Bonde la Bunyeroo jiwe likachana tairi ubavuni. Kufungua buti, spea ni ile nyembamba ya kusogezea tu, na upepo hauna. Tulikaa kando ya barabara saa tatu na watoto mpaka akapita mzee mwenye pampu. Tuliporudi mjini nikaonyeshwa kifungu: bima haigusi kitu kinachotokea nje ya lami. Tangu siku hiyo nauliza maswali manne kabla ya kulipa. Je, changarawe inaruhusiwa kwa maandishi? Spea ni tairi kamili? Jeki na spana vipo? Naruhusiwa kuendesha usiku nje ya mji?

Hilo la usiku lina sababu. Jua likikaribia kuzama, kanguru hutoka kula majani ya kando ya barabara, na akishtuka huruka mbele ya gari, si pembeni. Emu, ndege wakubwa wasioruka, nao hukimbia sambamba na gari kisha hukata ghafla. Uwe umeshaegesha saa kumi na moja kamili, kila siku, bila mjadala. Kwenye barabara kuu utakutana na malori yenye tela mbili au tatu. Mengine hupita mita 50 kwa urefu. Usilipite lori kama hilo mpaka uone lami tupu mbali sana mbele yako. Kwenye changarawe punguza upepo wa tairi kidogo, na mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa.

Mzigo

Maji kwanza. Hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika, halafu weka galoni la lita 20 garini ambalo haligusi mtu. Hilo ni la siku gari likiharibika. Ramani itakuonyesha mito mingi. Karibu yote ni mchanga mtupu.

Moto wa kuni hupigwa marufuku miezi ya joto, na kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi wakati wowote. Jiko la gesi la plati mbili linatosha ugali na mboga. Funika sufuria tangu mwanzo, maana upepo wa jioni huiba moto na maji hukawia kuchemka. Bebeni pia mfuko wa kulalia unaostahimili sifuri, viatu vya kufunga kifundo cha mguu, kofia pana, tochi ya kichwani na dawa zenu zote. Mbwa haruhusiwi hifadhini.

Simu hushika vizuri mijini na pale Wilpena, kisha hupotea kabisa makorongoni. Fanya haya ukiwa bado Adelaide: lipia kibali cha gari cha kuingia hifadhini, lipia kambi, pakua ramani ya kutumia bila intaneti, na kodi kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti. Namba ya dharura ni 000. La mwisho ni bure na ndilo lenye uzito kuliko yote: mwandikie mtu mmoja mjini ratiba yako, na saa ambayo asipokusikia apige polisi.

Siku ya kwanza: Adelaide hadi Wilpena

Ni kama kilomita 430, mwendo wa saa tano bila kusimama. Ondoka saa moja asubuhi. Pitia Port Augusta ujaze mafuta, kisha panda mlima kuingia Quorn, mji wa reli wa zamani ambako gari moshi la Pichi Richi bado hupita kwa ajili ya wageni. Jaza tena Hawker hata kama geji inaonyesha robo tatu.

Kati ya Quorn na Hawker simama Kanyaka. Ni magofu ya mawe ya shamba la mifugo lililoanzishwa na kijana Hugh Proby. Agosti 1852, akiwa na miaka 24, alikuwa akifukuzia ng'ombe waliotawanyika kwenye dhoruba, akajaribu kuvuka Mto Willochra, maji yakamchukua. Nchi kavu kiasi kile, na mtu kafa maji. Wapelekeni watoto mahali hapo muwaeleze kisa, kisha muweke sheria ya gari: kivuko chenye maji yanayokwenda hakivukwi. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani huku nyinyi mna jua. Mto ulioshuka kwa ghafla mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa. Subiri. Barabara iliyowekewa kibao cha kufungwa usiiingie; faini yake ni kubwa, na atakayekuja kukuokoa anahatarisha maisha yake.

Magofu mengine utayaona njia nzima. Mwaka 1865 mpima ardhi mkuu wa jimbo, George Goyder, alichora mstari kwenye ramani na kusema kaskazini ya hapo mvua haitoshi ngano. Miaka michache ya mvua nzuri ikawadanganya watu, wakavuka mstari na kulima. Ukame wa miaka ya 1880 ukawarudisha mikono mitupu. Mabomba ya moshi yaliyosimama peke yake nyikani ni majiko ya familia hizo.

Ukifika Wilpena, piga hema, lakini kwanza tazama juu. Miti mikubwa yenye magome meupe kando ya mto ni mikaratusi, ile ile iliyopandwa vijijini kwetu. Hapa ndipo kwao. Ina tabia ya kuangusha tawi zima siku ya utulivu bila upepo. Hema na gari viwe mbali na kivuli chake.

Siku ya pili: kwa miguu ndani ya Ikara

Wilpena Pound, kwa jina lake la asili Ikara, yaani mahali pa kukutania, ni kama beseni kubwa la mawe, urefu wake takriban kilomita 17 na upana 8. Wengi hudhani ni kreta kama Ngorongoro. Sivyo. Ni matabaka ya mawe yaliyokunjwa, kisha mmomonyoko ukala pande zote na kuacha kingo ngumu zikiwa zimesimama.

Kuna njia tatu ninazozijua vizuri. Ya Wangarra, kilomita kama 8 kwenda na kurudi, hufuata mto hadi ndani ya beseni na kupita nyumba ndogo ya familia ya Hill, waliolima ngano humo tangu mwanzo wa karne iliyopita mpaka mafuriko ya 1914 yalipoiharibu barabara waliyoijenga kwa mikono yao. Wazee na watoto wanaiweza. Kipande cha mwisho tu ndicho kina mwinuko. Ya Mount Ohlssen Bagge ni fupi kidogo lakini ni kupanda mawe moja kwa moja. Wape wenye magoti mazima.

Ya tatu huelekea Ngarri Mudlanha, ambayo ramani huiita St Mary Peak, kilele kirefu kuliko vyote. Waadnyamathanha husimulia kwamba nyoka wawili wakubwa, Akurra, waliwazingira watu waliokusanyika Ikara kwa ajili ya sherehe wakawameza, na miili yao ndiyo kuta za beseni. Kilele kile ni kichwa cha nyoka mmoja. Kwa hiyo wenyeji huwaomba wageni wasikipande, waishie kwenye bega la Tanderra. Sheria haikukatazi kuendelea. Mimi nakuomba usiendelee. Pale Tanderra nilikaa nusu saa, beseni lote kulia kwangu na tambarare nyekundu kushoto hadi macho yanapokwisha, na sikukosa kitu. Mwenye nyumba akisema chumba kile usiingie, huulizi mara mbili. Anza saa mbili asubuhi, na ikifika saa saba mchana popote ulipo, geuza.

Ukibaki na nguvu alasiri, nenda Arkaroo Rock, mwendo wa kilomita tatu hivi, uone michoro ya kale kwenye mwamba. Usiguse, mafuta ya vidole huiharibu. Jioni uliza kituo cha wageni kama kuna mwenyeji anayekaribisha watu kwa desturi yao, ukae usikilize. Wazee wa huko huitwa shangazi na mjomba hata na wasio ndugu zao. Nadhani hutahitaji kufundishwa namna ya kuwasalimu.

Siku ya tatu: Brachina na Bunyeroo

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Toka Wilpena saa moja na nusu, fuata barabara ya Blinman kaskazini, kisha ingia kushoto Korongo la Brachina. Kwa kilomita 20 vibao vya kando vinakueleza umri wa mawe, na kadiri unavyokwenda magharibi mawe yanakuwa machanga zaidi.

Simama Kijito cha Enorama. Kuna kidude cha shaba, upana kama kisahani cha kikombe, kimepigiliwa kwenye mwamba. Hapo ndipo wanajiolojia wa dunia nzima walipokubaliana mwaka 2004 kuwa mwanzo wa zama za Ediakara, miaka milioni 635 iliyopita. Jina lilitoka vilima vya Ediacara, kaskazini magharibi, ambako mwaka 1946 mwanajiolojia Reg Sprigg aliona alama za viumbe laini kwenye mawe: wanyama walioishi kabla ya wenye mifupa na magamba. Weka kiganja chako karibu na mwamba uone tabaka zinavyobadilika. Chini ni udongo ulioachwa na barafu, juu yake chokaa ya bahari yenye joto zaidi. Dunia ilibadilika ndani ya upana wa vidole. Usibebe hata kokoto. Ni kosa kisheria.

Mbele, kuta zinapobana, zima injini na ushuke taratibu. Hapo huishi andu, walabi wa miambani, jamii ya kanguru wadogo, mwenye miguu ya manjano na mkia wa pete. Asubuhi mapema au alasiri hujitokeza kuota jua. Nilikaa juu ya jiwe dakika ishirini bila kuona kitu, mpaka kivuli kimoja kikajikuna sikio. Kumbe walikuwa wanne muda wote. Mbweha walioletwa kutoka Ulaya na mbuzi waliotoroka mashambani walikuwa karibu kuwamaliza, na kazi ya kuwapunguza wageni hao tangu 1992 ndiyo iliyowarudisha. Usiwalishe, usiwafuate juu ya mawe.

Mwisho wa korongo geuza, rudi hadi njia panda ya Bunyeroo, ushike kusini. Barabara hupita ndani ya mto wenyewe mara nyingi. Kila kivuko shuka uangalie mawe kabla ya kuvuka. Kituo cha kutazamia cha Razorback kiko karibu na mwisho. Fika hapo kabla ya saa tisa na nusu, ukae, unywe chai ya chupa, uondoke saa kumi.

Siku ya nne: Blinman, Parachilna, kurudi

Blinman ulizaliwa na shaba iliyogunduliwa mwaka 1859 na mchungaji kondoo, na unaweza kushuka mgodini na mwongozaji. Kutoka hapo barabara ya changarawe hushuka Korongo la Parachilna, ambako huishia Njia ya Heysen, ya miguu, kilomita 1,200 kutoka pwani ya kusini. Ukitokeza Parachilna unakuta lami ya kukurudisha Hawker.

Mwenye siku ya ziada apande kaskazini hadi Beltana. Mwaka 1866 zaidi ya ngamia 100 waliletwa shamba la hapo na wachungaji wao Waislamu, waliotoka nchi ambazo leo ni Pakistani, Afghanistani na India. Wazungu wakawaita wote Waafghani. Kwa miongo kadhaa wao ndio waliobeba maji, sufu na nguzo za telegrafu katika nyika hii. Msikiti waliouchangia Adelaide mwishoni mwa miaka ya 1880, wenye minara minne, bado unasaliwa, na ukiingia humo baada ya kutoka Beltana utajua umbali waliotembea.

Kurudi, usiendeshe saa saba mfululizo kwa uchovu. Lala Quorn au Port Augusta. Kagua tairi, ng'oa mbegu na miiba iliyonasa kwenye soksi na hema ili usiipeleke mahali pengine, na simu ikishika, kabla hujafanya lolote, mpigie yule uliyemwachia ratiba umwambie mmeshuka salama.